Yin na Yang Sufuriani: Mwongozo wa Makrobiotiki kwa Jiko la Kwetu

Fungua kitabu chochote cha makrobiotiki, mfumo wa ulaji uliotoka Japani, na orodha ya manunuzi itakukatisha tamaa kabla hujafika kwenye mapishi. Miso, tamari, umeboshi, kombu, figili ndefu za Kijapani, chai ya vijiti. Dar es Salaam au Nairobi vitu hivi hupatikana katika maduka machache ya wageni, na bei yake haisemeki. Halafu kitabu hichohicho kinakukataza embe, nazi, nanasi na ndizi mbivu. Wengi hukifunga hapo na kurudi kwenye chapati zao, wakiamini kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye fedha za kuchezea.

Usikifunge. Orodha ile iliandikwa kwa ajili ya watu wa Japani, Ufaransa na kaskazini mwa Marekani, nchi ambazo theluji huanguka na miembe haioti. Kanuni iliyoizaa orodha hiyo ndiyo hiyohiyo inayokuruhusu wewe wa Tanga au Kisumu kuiweka kando na kuandika ya kwako. Mwongozo huu ni wa kuandika hiyo ya kwako, na pia wa kujua ni wapi pa kumkatalia mwalimu.

Ilikotoka

Mwanzo wa mambo ni daktari wa jeshi la Japani, Sagen Ishizuka, aliyefariki mwaka 1909. Yeye aliamini kwamba afya inategemea uwiano wa sodiamu na potasiamu katika chakula, na kwamba Wajapani wa zama zake walijiumiza kwa kuacha nafaka zisizokobolewa na kukimbilia wali mweupe, sukari na nyama. Mfuasi wa fikra zake, Yukikazu Sakurazawa, aliyezaliwa mwaka 1893 na kujulikana duniani kwa jina la George Ohsawa, alizichukua sodiamu na potasiamu akaziunganisha na falsafa ya kale ya Kichina. Sodiamu akaiweka upande wa yang, potasiamu upande wa yin. Alifundisha Ulaya na Asia, na katikati ya miaka ya 1950 alifika hata Lambaréné, Gabon, kwa daktari Albert Schweitzer, akijaribu kumshawishi kwamba dawa ya kweli iko kwenye sahani. Schweitzer hakushawishika. Wanafunzi wa Ohsawa, Michio na Aveline Kushi, ndio walioyapeleka mafundisho Boston, na duka lao la Erewhon lililofunguliwa mwaka 1966 likasaidia sana kuwazoesha Wamarekani mchele wa kahawia na miso.

Yang, kwa maana ya Ohsawa, ni nguvu inayokusanya, inayobana, inayopasha joto na kukausha. Yin ni nguvu inayotanua, inayolegeza, inayopoza na kulowanisha. Hakuna kitu kilicho yang tupu wala yin tupu. Kila kimoja hupimwa kwa kulinganishwa na kingine. Muhogo ni yang ukiuweka karibu na embe, na ni yin ukiuweka karibu na dagaa mkavu. Ukivipanga vyakula kwenye mstari mmoja, ncha ya yang ina chumvi, mayai, nyama na samaki. Katikati zipo nafaka, jamii ya kunde, mizizi na mboga za majani. Kuelekea ncha ya yin kuna matunda, maziwa, mafuta, viungo vikali, asali, na mwisho kabisa sukari na pombe. Kazi ya mpishi wa makrobiotiki ni kukaa katikati kadiri awezavyo, kwa sababu anayevutwa sana upande mmoja atajikuta anautafuta upande wa pili kwa nguvu ileile.

Kwa mtu wa pwani hili si geni. Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekuwa wakivigawa vyakula kwa joto na baridi tangu zamani, na mzazi hapewi chochote isipokuwa kwa hesabu hiyo: uji wa pilipili manga, supu ya moto, tangawizi. Lakini usidhani ramani ni moja. Pilipili ambayo bibi yako anaihesabu kuwa ya moto, Ohsawa anaiweka upande wa yin, kwa kuwa inatawanya damu na kutoa jasho. Na ukichukua kitabu cha tiba ya Kichina utakuta mambo kadhaa yamekaa kinyume na alivyoyapanga Ohsawa. Chagua kitabu kimoja na ukifuate. Ukivichanganya viwili utachanganyikiwa bure.

Kanuni nyingine mbili ndizo zenye faida kubwa zaidi kwako. Ya kwanza inasema mwili na ardhi unayoishi havitengani, kwa hiyo kula kinachoota karibu nawe na katika msimu wake. Ya pili inasema kula kitu kizima: punje na ganda lake, samaki na kichwa chake, karoti na ngozi yake. Sasa tazama kinachotokea kwenye marufuku ya embe. Nchi ya joto ni yang, na ardhi yake hutoa vyakula vya yin vinavyopoza: madafu, matikiti, miwa, maembe. Mtu wa Boston anayekula embe mwezi wa Januari anaupoza mwili ambao tayari unatetemeka. Mtu wa Tabora anayekula embe mwezi wa Desemba, jua likichoma, anafanya kile ambacho kanuni inakitaka. Na ndugu yako aliyeko Minneapolis, anayeagiza muhogo wa kugandishwa kila wiki kwa kukumbuka nyumbani, angefuata kanuni vizuri zaidi kwa kununua shayiri, kabichi na maboga ya huko. Asisahau tu vitamini D, maana jua la kule wakati wa baridi halitoshi.

Sahani yenyewe

Kipimo cha Kushi kilikuwa hivi: nusu ya chakula cha siku, au zaidi kidogo hadi asilimia 60, iwe nafaka kamili, robo au zaidi kidogo iwe mboga, asilimia 5 hadi 10 iwe jamii ya kunde pamoja na mwani wa kuliwa, na bakuli moja au mbili za supu. Samaki mara chache kwa wiki, matunda kiasi, nyama na maziwa karibu hakuna.

Usipite sokoni na mizani. Kilicho muhimu ni kwamba kitovu cha sahani ni nafaka, na hapa tunayo bahati ambayo Boston hawakuwa nayo. Mtama, uwele na ulezi ni nafaka za Afrika, zililimwa huku kabla mahindi hayajaletwa na meli za Wareno, na zinastahimili ukame. Ulezi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine zote tunazokula. Kama familia yako imezoea sembe, usiigomee ghafla. Anza kwa kuchanganya unga wa dona na sembe nusu kwa nusu, kisha punguza sembe. Ugali wa mtama nao unahitaji mkono uliozoea, kwa hiyo changanya theluthi moja ya mtama kwanza.

Hapa lazima nikuonye jambo ambalo vitabu vya Boston havina. Nafaka isiyokobolewa ni bora ikiwa ni safi tu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile ambazo dona inazibakiza. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ilileta maafa katikati ya Tanzania, Dodoma na Manyara. Kwa hiyo nunua mahindi makavu, yapembue mwenyewe kwenye ungo, tupa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kisha ndiyo upeleke mashineni. Unga wa dona usiokuwa na uhakika nao ni mbaya kuliko sembe. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Loweka. Mchele wa kahawia uloweke usiku kucha, uupike kwa kikombe kimoja cha mchele na vikombe viwili na nusu vya maji, chembe ya chumvi, moto mdogo, kama dakika 45, na usifunuefunue. Maharage, mbaazi na njugu mawe nayo yalale kwenye maji, na maji hayo uyamwage. Kuloweka, kuotesha kimea na kuchachusha hupunguza vitu kwenye ganda vinavyozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Wajapani wana miso yao kwa kazi ya kuchachusha. Sisi tuna togwa, Waganda wana bushera, na Wakenya wana uji mchachu. Togwa iliyotengenezwa nyumbani kwa kimea cha ulezi, bila sukari ya kuongeza, inafaa kwenye mfumo huu kuliko kopo la miso lililosafiri nusu ya dunia. Kumbuka pia kwamba miso na sosi ya soya zina chumvi nyingi sana.

Wa Bukoba, Kampala au Moshi atauliza: sisi ambao chakula chetu ni ndizi? Kula ndizi. Ndicho chakula cha ardhi yako. Ila ndizi, mihogo na magimbi vina protini kidogo kuliko nafaka, kwa hiyo sehemu ya maharage kwenye sahani yako iongezeke mpaka iwe karibu sawa na ya ndizi. Anayekula muhogo mchungu afuate taratibu zote za wazee za kuloweka, kuanika na kutwanga. Sumu yake si hadithi.

Mboga ndiyo sehemu rahisi. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, bamia, boga, kabichi: genge lolote linavyo. Utakuta walimu wengi wa makrobiotiki wanakataza nyanya, bilinganya, pilipili hoho na viazi mviringo, kwa kuwa ni jamii moja wanayoihesabu yin kupita kiasi. Nyanya chungu na mnavu navyo ni vya ukoo huo. Mimi siioni sababu ya kumnyima mtu mnavu. Ushahidi wa madhara kwa mtu mzima mwenye afya ni mdogo mno, na wenyeji wa huku wameula vizazi na vizazi. Kama viungo vyako vinauma na umegundua kwamba nyanya huzidisha, ziache wiki kadhaa uone; kama sivyo, endelea.

Halafu dagaa. Sijui kama kuna chakula kinachoitii kanuni ya kula kitu kizima kuliko dagaa wa Mwanza au wa Kigoma: kichwa, mifupa, matumbo, vyote kinywani. Dagaa wana vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye nafaka wala mboga, na mifupa yao ina kalsiamu. Mwani na vyakula vilivyochachushwa haviaminiki kwa B12, hata kama vitabu vya zamani vilidai hivyo. Mara tatu au nne kwa wiki, kiganja kimoja cha dagaa waliooshwa vizuri mchanga ukatoka, kinalinda mfumo huu usikudhuru.

Moto, chumvi, maji na muda

Wanaoanza hudhani makrobiotiki ni kuchagua vyakula. Kwa kweli zaidi ya nusu yake ni upishi, na hapa ndipo yin na yang zinapopata kazi ya maana. Vitu vinavyoelekeza chakula upande wa yang ni moto, muda mrefu, chumvi, mgandamizo na kukausha. Vinavyoelekeza upande wa yin ni maji mengi, mafuta, kuacha kitu kibichi, ndimu na siki, na kukata vipande vyembamba. Mpishi akijua hivi anaweza kuchukua karoti moja na kuifanya vyakula vinne: kuikwangua mbichi kwenye kachumbari kwa siku ya joto, kuichemsha haraka, kuikaanga vipande vyembamba kwa mafuta kidogo, au kuiacha vipande vikubwa kwenye chungu chenye maji kidogo na chembe ya chumvi, mfuniko juu, nusu saa nzima, mpaka itoe utamu wake. Ya mwisho ni chakula cha Makete au Limuru mwezi wa Julai.

Ukiuangalia upishi wa pwani kwa jicho hili utaona wapishi wetu wamekuwa wakisawazisha bila kusoma Ohsawa. Kisamvu hutwangwa, huchemshwa muda mrefu, ndipo kikatiwa tui: moto mwingi upande mmoja, mafuta ya nazi upande wa pili. Samaki wa kukaanga haliwi bila ndimu. Wajapani nao huweka figili iliyokwanguliwa kando ya samaki, kwa hesabu ileile. Ukipika chukuchuku, ambayo haina mafuta, weka mboga ya tui pembeni. Ukipika mchuzi wa nazi mzito, mboga ya pili iwe ya kuchemsha tupu. Kanuni hii moja, kwamba mlo mmoja usiwe na vyakula viwili vinavyovuta upande mmoja, itakuongoza mbali kuliko jedwali lolote.

Fikiria meza ya nyama choma jioni ya Jumamosi. Nyama, moto mkali, chumvi: yang juu ya yang. Walimu wa makrobiotiki wanasema mwili uliobanwa namna hiyo utaomba kitu cha kuutanua, na hakuna kinachotanua haraka kama bia baridi au soda. Kama maelezo ya kisayansi, hayajathibitishwa zaidi ya ukweli kwamba chumvi huleta kiu. Kama uchunguzi wa mambo ya nyumbani, ni sahihi kabisa, muulize mhudumu yeyote wa baa. Ushauri wao basi unatekelezeka: usipambane na hamu ya soda, punguza kilichoileta. Nyama nusu ya ulivyozoea, chumvi isiyozidi chembe, kachumbari bakuli zima, na ndizi za kuchoma katikati.

Hamu ya kitu kitamu saa kumi jioni ina dawa yake maalumu katika mafundisho ya Kushi, nayo haihitaji kitu chochote cha kuagiza. Chukua kitunguu, karoti, kabichi na boga, kiasi sawa cha kila kimoja, ukate vipande vidogo sana. Weka maji mara nne ya mboga, chemsha, kisha punguza moto kwa dakika 15 hadi 20. Chuja, unywe kikombe kimoja cha vuguvugu. Usitie chumvi. Mboga zilizobaki zitie kwenye supu. Mara ya kwanza utaona ni maji tu yenye harufu ya boga. Ulimi uliozoea chai ya vijiko vitatu vya sukari unahitaji siku kadhaa kuuonja utamu huo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja ya soda inavuka kiasi hicho.

Kitu cha pili cha kutengeneza mwenyewe ni chumvi ya ufuta, na hapa Lindi na Mtwara wameshatufanyia kazi ngumu. Osha vijiko vikubwa 15 vya ufuta, uchuje, uukaange mkavu kwenye kikaango kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka punje moja ivunjike kirahisi kati ya kidole gumba na cha pete. Kaanga kijiko kikubwa kimoja cha chumvi kando mpaka ikauke kabisa. Saga chumvi kwanza kwenye kinu kidogo, ongeza ufuta, usage polepole kwa kuzungusha mchi, na uache punje chache bila kupasuka. Usiufanye unga. Hifadhi kwenye chupa yenye mfuniko, itumie ndani ya wiki mbili. Kijiko kimoja cha chai juu ya ugali au wali kinatosha, na kinakuwezesha kuiondoa chumvi ya mezani.

Siku na mwili

Tafuna. Hili ni agizo ambalo Ohsawa na Kushi walilirudia kuliko yote: mara 30, 50, hata zaidi kwa kila tonge. Usihesabu mbele za watu, utachekwa. Fanya tonge liwe dogo, usichukue la pili kabla la kwanza halijaisha, na weka simu mbali. Anayekula dona kwa haraka kama alivyokuwa akila sembe atalalamika tumbo kujaa gesi, na atailaumu dona.

Asubuhi anza na uji wa ulezi au wa mtama bila sukari; kama huwezi, tende mbili zikatwe humo. Mchana ndiyo sahani kubwa. Usiku iwe nyepesi, supu ya choroko na mboga, na upite muda wa saa tatu kabla ya kulala. Wakati wa Ramadhani mpangilio hugeuka, lakini hekima ya futari ya zamani inafaa: tende, uji, mapumziko ya swala, ndipo chakula. Sambusa, bajia, kaimati na juisi ya sukari kwa pamoja kwenye tumbo lililokauka mchana kutwa ni kutoka ncha moja ya mstari hadi nyingine kwa dakika kumi. Chai ya rangi ipishe saa moja baada ya mlo wenye maharage na mboga, kwa kuwa huzuia madini ya chuma. Badala yake kamulia ndimu kwenye mchicha, itasaidia madini hayo kuingia.

Nje ya jiko, yin na yang ni suala la kazi na mapumziko. Karani anayekaa kitini saa nane hahitaji mapumziko zaidi jioni. Anahitaji kutembea, kufua kwa mikono, kulima bustani. Dereva wa bodaboda aliyekazana na moshi na honi mchana kutwa anahitaji kinyume chake. Kushi aliwashauri watu wausugue mwili kila siku kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na kukamuliwa, wavae pamba, na waimbe wimbo mmoja wa furaha kila siku. La kuimba wengi hulipuuza. Halina gharama.

Usijipime ugonjwa kwa yin na yang. Vitabu vitakuambia kwamba uchovu na mikono baridi ni dalili ya yin kuzidi, na hasira na choo kigumu ni yang kuzidi. Uchovu unaweza kuwa upungufu wa damu, malaria, kisukari, au mimba. Ukidumu wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe, kisha urudi kwenye mtama wako.

Pa kumkatalia mwalimu

Ohsawa alipanga ngazi za ulaji, na ya juu kabisa aliyoiita namba 7 ilikuwa nafaka tupu na maji kidogo. Mwaka 1965 mwanamke kijana wa eneo la New York alifariki baada ya miezi kadhaa ya ulaji huo, na mwaka 1971 chama cha madaktari wa Marekani kilitoa onyo kali. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Uholanzi waliwachunguza watoto wachanga wa familia za makrobiotiki, wakakuta ukuaji uliozorota, upungufu wa vitamini B12 na D, na matege. Hayo ni mambo ya kweli na yasifichwe na mwalimu yeyote anayekutoza ada. Ukiyatazama kwa kanuni yenyewe, namba 7 ni mtu aliyekimbilia ncha moja ya mstari akijidai yuko katikati.

Kwa hiyo: mtoto wa chini ya miaka mitano asiwekwe kwenye mfumo huu. Apate maziwa, mayai, samaki, mafuta na matunda. Mama mjamzito na anayenyonyesha ale samaki na mayai, na asiache vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu hapaswi kupunguza uzito bila daktari kujua.

Kataa pia agizo la kale la Ohsawa la kunywa maji kidogo na kutumia chumvi kwa moyo. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, kunywa maji kidogo ni kutafuta mawe ya figo.

Na saratani. Makrobiotiki ilipata umaarufu mkubwa Marekani katika miaka ya 1980 kwa madai kwamba inaiponya. Hakuna utafiti uliothibitisha hivyo. Aveline Kushi alifariki kwa saratani mwaka 2001, na Michio Kushi mwaka 2014. Sisemi hivi kuwadhihaki, waliishi maisha marefu na kufundisha wengi kula vizuri. Nasema ili usimwache mgonjwa wako aache matibabu ya hospitali kwa ajili ya wali wa kahawia.

Kisukari cha ukubwani ndicho chenye matumaini zaidi. Jaribio la siku 21 lililofanyika Italia, matokeo yake yakatolewa mwaka 2014, lilionyesha sukari ya wagonjwa waliokula kimakrobiotiki ikishuka kuliko ya wenzao waliopewa mlo wa kawaida wa kisukari. Siku 21 ni chache, na wagonjwa walikuwa wachache. Hata hivyo linatosha kumfanya mwenye kisukari ajaribu, kwa sharti moja: ukibadili chakula ghafla huku unatumia insulini au vidonge, sukari inaweza kushuka mpaka uzimie. Mwambie daktari kabla, si baada.

Basi wiki hii usinunue chochote cha Kijapani. Nenda sokoni ukanunue ulezi, choroko, boga, ufuta na dagaa, pembua, loweka usiku, na kesho asubuhi koroga uji bila sukari. Mwezi ukiisha na mwili umeitikia vizuri, ndipo ufikirie kama miso ina kazi yoyote jikoni kwako.